ORDINATERI YA ZAMANI: ULIZA KWANZA JINA LAKE, NYUMA UTAFUTE UGONJWA



Katika miji yetu ordinateri nyingi zinazouzishwa si mpya. Zilitumika kwanza katika biro za Ulaya ao Marekani. Biro hizo zinabadilisha mashini kila nyuma ya miaka michache, hata kama zingali nzima. Zile za zamani zinapangwa ndani ya kontenere, zinaingia kwa Matadi, ao kwa Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka kule zinapanda lori mpaka kwetu. Njo vile mashini iliyotengenezwa mwaka 2006 inaweza kuwa leo juu ya meza ya sekretere, ao ndani ya depo ya shule na kartasi imebandikwa juu yake: «Imekufa».

Neno hilo «imekufa» njo tunataka kulichunguza. Mara nyingi mashini haikufa. Ni mugonjwa tu, na ugonjwa wake unaweza kuwa vumbi, ao kipande kilicholegea ndani ya lori, ao batri ndogo ya bei kidogo. Lakini mutu akikosa kujua, anafanya moja ya makosa mawili: anatupa mashini iliyo nzima, ao ananunua vipande ovyo ovyo mpaka franga zinaisha. Na franga hizo si za mchezo. Ni mali ya muzazi aliyeuzisha mihogo ao mafuta ya mawese ili mtoto asome. Kwa hiyo makala hii inataka kuonyesha jambo moja: mutu anayejua kuuliza jina la mashini, na kuipima kwa utaratibu, hapotezi bule.

A. SABABU GANI JINA KWANZA?

Munganga wa dispanseri hapigi sindano mbele ya kuandika fishi: jina, miaka, maumivu yalianza lini. Kwa mashini ni vilevile, na kuko sababu tatu.

Ya kwanza ni vipande. Tukamate mufano wa memwari, yaani kile kipande kirefu chembamba ambamo ordinateri inaweka kazi wakati inatumika. Kuko memwari ya aina DDR, DDR2, DDR3 na DDR4. Aina ya DDR2 na ya DDR3 ziko na urefu mumoja, na meno 240 kila moja. Ukiziona juu ya meza ya mwenye kuuzisha utasema ni ndugu mapacha. Lakini DDR2 inatumia volti 1,8 na DDR3 inatumia volti 1,5, na ule mukato mudogo katikati ya meno hauko pahali pamoja. Ya mumoja haiingii kwa mwingine, hata ukisukuma namna gani. Mutu aliyekwenda sokoni pasipo kujua jina la mashini yake atarudi na memwari ya bule, na mwenye kuuzisha hatarudisha franga.

Ya pili ni alama za ugonjwa. Mashini nyingi zinapokosa kuwaka zinalia ao zinapiga taa. Lakini kila kiwanda kiko na luga yake. Mlio mumoja mrefu na miwili mifupi haina maana moja kwa mashini zote. Ukikosa kujua jina, utatafsiri vibaya.

Ya tatu ni bei. Jina linaonyesha miaka. Ukijua miaka, unajua kama inafaa kutengeneza ao kuacha.

B. KUSOMA JINA

1. Uso wa mashini. Tazama mbele ya sanduku. Marki peke yake, kama HP, Dell ao Lenovo, haitoshi. Ni kama kusema «mutu wa Kivu». Tafuta modeli. Kwa mufano, HP Compaq za biro ziliitwa dc na numero nyuma yake. dc7100 ni ya mwaka 2004, dc7600 ni ya 2005, dc7700 ni ya 2006, dc7800 ni ya 2007, dc7900 ni ya 2008. Tangu dc7600 mpaka dc7900 memwari yake ni DDR2. Kwa Dell, jamaa ya OptiPlex inafuata njia sawa: GX270 ni ya 2003, GX280 ni ya 2004, GX620 ni ya 2005, 745 ni ya 2006, 755 ni ya 2007, 780 ni ya 2009. Ile GX270 inatumia DDR ya kwanza, 745 inatumia DDR2, na 780 inatumia DDR3. Tazama vile numero moja ndogo inakuepusha na kununua vibaya.

2. Etiketi ya nyuma ao ya ubavu. Pale kuko numero ya kila mashini, isiyofanana na ya nyingine. Kwa Dell inaitwa Service Tag, ni alama 7 za herufi na numero zikichanganyika. Karibu yake kuko numero nyingine ndefu ya tarakimu tu. Wanaopenda hesabu wafurahi: ile ndefu ni Service Tag ileile, imehesabiwa kutoka msingi wa 36 (tarakimu 10 na herufi 26) mpaka msingi wetu wa 10. Kwa HP za miaka hiyo numero iko na alama 10, na inasema mengi. Kama inaanza na CZC, mashini ilitoka kiwanda cha Czech. Tarakimu inayofuata ni mwisho wa mwaka, na mbili zinazofuata ni juma. Basi CZC712 kwa dc7700 maana yake ni juma la 12 la mwaka 2007.

3. Etiketi ya Windows. Hii ni shahidi, lakini si shahidi wa kuamini peke yake. Windows XP ilitoka mwaka 2001, Vista mwanzo wa 2007, Windows 7 mwaka 2009. Mashini yenye etiketi ya Vista ya kiwanda si ya 2004. Lakini wanaotengeneza mashini za okazio wanaweza kubandika etiketi mpya juu ya mashini ya zamani, kwa hiyo linganisha na numero ya kiwanda.

4. Matundu ya nyuma. Tundu la mviringo la zambarau ni la klavie, la kijani ni la suri. Lile la rangi ya samawi lenye matundu madogo 15 ni la ekrani. Lile refu la matundu 25 ni la empriman za zamani. Ukikuta haya yote, na USB ni mbili ao ine tu, uko mbele ya mashini ya zamani sana.

5. Kama hakuna jina lolote, maana yake mashini iliunganishwa na fundi kwa vipande vya viwanda mbalimbali. Hapo jina linatafutwa ndani, juu ya karti mama, yaani ile plake kubwa inayobeba vyote. Modeli inachapwa pale kwa herufi kubwa, mara nyingi katikati ya nafasi za kuchomeka karti. Chipi nyeusi nazo mara nyingi ziko na tarakimu 4 za tarehe: 0621 maana yake mwaka 2006, juma la 21. Karti mama haiwezi kuwa ya zamani kuliko chipi zake.

Andika haya yote kwa kaye mbele ya kuwasha. Hapana kuamini kichwa chako.

C. UMEME: HAPA HAKUNA MCHEZO

Nyuma ya mashini, fasi kamba ya umeme inaingia, kuko mara nyingi butoni ndogo nyekundu yenye maandiko 115 ao 230. Kwetu Kongo umeme ni volti 220. Mashini iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa kwa 115. Ukiichomeka hivyo, utasikia mlio kama bunduki, utanusa moshi, na kile kisanduku cha umeme kimekwisha. Sogeza butoni mpaka 230 kwa turnevisi MBELE ya kuchomeka. Kama hakuna butoni, soma etiketi ya kisanduku: ikiandikwa 100-240 V, inajipima yenyewe, hakuna shida.

Mambo mengine ya kushika:

- Mbele ya kufungua, tosha kamba ya umeme kwa prizi, kisha sukuma butoni ya kuwasha kwa sekunde 5 ili umeme uliobakia utoke.
- Gusa kwanza chuma cha sanduku. Mwili wetu unabeba umeme mudogo usiouona, unaoweza kuua memwari.
- HAPANA kufungua kisanduku cha umeme. Ndani yake umeme wa volti zaidi ya 300 unaweza kubakia hata kama kamba imetoshwa.
- HAPANA kufungua ekrani za zamani za kioo kinene. Ndani yake kuko volti 20 000 na zaidi, na zinaweza kukungojea siku nyingi.
- Kama shule inatumia grupu, washa grupu kwanza, ngoja isikike vizuri, nyuma uchomeke mashini kwa stabilizateri. Ukizima, fuata njia ya kinyume: mashini kwanza, grupu nyuma.

Mwanafunzi asifanye kazi hii peke yake usiku ndani ya internat. Mwalimu ao mukubwa awe pale.

D. KUFUNGUA NA KUSAFISHA

Kazi hii haiombi franga, na peke yake inaponya mashini nyingi. Mashini ilisafiri baharini, kisha juu ya lori katika njia zetu mnazozijua. Vipande vililegea. Nyuma ikakaa ndani ya depo, vumbi nyekundu ikaingia, mende wakazaa humo, wakati wa mvua chuma ikashika kutu.

Ondoa vumbi kwa brosi laini na kavu. Unaposafisha vantilateri, ishike kwa kidole isizunguke. Tazama chini yake, katikati ya yale mabati membamba ya kupoza: vumbi inaweza kuwa imefanya pale kitu kama blanketi.

Kisha tosha memwari moja moja. Sukuma vishikizo vya pembeni, inapanda yenyewe. Kama meno yake yamefifia, yapanguse polepole kwa gomu nyeupe ya kufuta, ondoa mabaki, rudisha. Sukuma kwa vidole gumba viwili mpaka vishikizo vijifunge: klak! Fanya vile kwa karti zingine na kwa kable zote: tosha, rudisha, sukuma vizuri.

Wakati uko pale, tazama vile diski ngumu imefungwa. Kable pana kama mukaba, yenye matundu 40, ni aina ya IDE, ya zamani. Kable nyembamba ni SATA, iliyoanza kuonekana mwaka 2003. Andika kwa kaye, sababu diski ya aina moja haifungwi kwa mashini ya aina nyingine.

Mwisho tazama kondansateri. Ni vile vipipa vidogo vinavyosimama juu ya karti mama. Kichwa chao kinapaswa kuwa sawasawa kama meza. Kama kimevimba, ao kinatoa maji ya rangi ya kahawia, hapo umekuta ugonjwa uliojulikana dunia nzima. Mashini nyingi zilizotengenezwa tangu karibu mwaka 1999 mpaka 2007 zilipata kondansateri mubaya, za marki mbalimbali. Dell OptiPlex GX270 na GX280 zilijulikana sana kwa jambo hilo. Mashini yenye ugonjwa huu inawaka leo, kesho inakataa, inajizima katikati ya kazi. Fundi wa radio anayejua kuunganisha kwa etani anaweza kubadilisha kondansateri, lakini lazima aweke za volti ileile ao zaidi kidogo, za nguvu ileile, na asigeuze upande wa kutosha na wa kuongeza.

E. ALAMA ZA UGONJWA

Sheria kubwa njo hii: BADILISHA KITU KIMOJA TU, KISHA PIMA. Ukibadilisha vitatu kwa mara moja na mashini ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Ikiharibika zaidi, hutajua ni wewe uliyefanya nini. Na anza sikuzote na kisicho na bei.

1. Hakuna kitu: hakuna taa, hakuna mlio, vantilateri haizunguki.
Pima prizi kwa ampule ao taa nyingine. Pima kamba ya umeme: ile ya ekrani mara nyingi inafanana, zibadilishe. Tazama ndani: mashini nyingi ziko na taa ndogo ya kijani juu ya karti mama, inayowaka hata kama mashini imezimwa. Ikiwaka, umeme unafika, na shida inaweza kuwa butoni ya mbele ao karti mama. Isipowaka, kisanduku cha umeme njo kinashukiwa. Kama kuko mashini ya pili ya modeli ileile, azima kisanduku chake na upime. Nasema modeli ileile, kwa sababu HP na Dell nyingi ziko na kisanduku cha umbo lake na midomo yake, kisichoingia kwa sanduku lingine.

2. Vantilateri inazunguka, lakini ekrani ni nyeusi.
Kwanza uliza ekrani yenyewe. Tosha kable yake kwa ordinateri na uiwashe peke yake. Ikiandika maneno kama «No signal», iko hai na inasema tu haipati habari. Kisha tazama nyuma: kama kuko matundu mawili ya ekrani, moja la karti mama na moja la karti ya kuongeza, pima yale ya karti ya kuongeza, sababu mara nyingi lile la karti mama linazimwa.
Ekrani ikiwa nzima, rudi kwa memwari. Acha moja tu, ipime katika kila nafasi. Kisha weka nyingine, pima vilevile. Memwari moja mubaya inaweza kufunga mashini nzima.

3. Mashini inalia ao inapiga taa.
Hapa jina ulilotafuta linalipa. Kwa HP Compaq za jamaa ya dc, hesabu taa nyekundu na milio: 2 ni joto imepita kipimo, 3 ni prosesere haionekani, 4 ni umeme, 5 ni memwari, 6 ni karti ya ekrani, 7 ni karti mama. Kwa OptiPlex 745 tazama taa ine ndogo za mbele zenye numero 1, 2, 3, 4, uandike zipi zinawaka, utafute maana yake katika kitabu cha modeli ile. Butoni ya kuwasha ikiwa na rangi ya machungwa badala ya kijani, ni kilio. Hapana kukisia: andika, hesabu mara tatu, nyuma utafsiri.

4. Inawaka, lakini kila asubuhi tarehe imerudi nyuma, na inaomba F1.
Huu ni ugonjwa wa bei kidogo kuliko yote. Juu ya karti mama kuko batri ya mviringo kama sarafu, jina lake CR2032, volti 3. Inashikilia saa na maagizo ya mashini wakati hakuna umeme. Imechoka tu. Nunua mpya, tosha ya zamani kwa upole, weka mpya, maandiko yake yakitazama juu. Kisha ingia katika maagizo: kwa Dell nyingi ni F2, kwa HP F10, kwa IBM na Lenovo F1, kwa zile za kuunganishwa mara nyingi ni Delete. Weka tarehe na saa, na tazama kama diski ngumu inaonekana pale. Musiseme tarehe ni kitu kidogo. Tarehe ikiwa ya uongo, points za wanafunzi zinaandikwa na siku ya uongo, na fasi nyingi za intaneti zinakataa kufunguka.

5. Inatumika dakika kumi, kisha inajizima.
Mashini inaona joto, inajilinda. Umekwisha kuondoa vumbi? Tazama kama vantilateri ya prosesere inazunguka kweli. Ikizunguka, pengine ile mafuta ya kupitisha joto, kati ya prosesere na chuma cha kuipoza, imekauka kama chaki. Angalisho: kwa Pentium 4 za zamani mafuta yaliyokauka yanashika kama gundi, na ukivuta chuma kwa nguvu, prosesere inatoka pamoja nayo na meno yake yanapinda. Acha mashini iwake dakika chache ipate joto, zima, tosha kamba, kisha zungusha chuma kidogo kushoto na kuume mbele ya kuinua. Futa mafuta ya zamani kwa alkoli, weka mapya kidogo, kama punje ya mchele.

6. Inaandika kwamba haioni sisteme: «Operating system not found» ao maneno ya namna hiyo.
Mbele ya kulia, tazama kama mutu aliacha diskete ao kle USB ndani. Tosha, washa tena. Kama si hiyo, zima, tosha kamba, kisha hakikisha kable za diski ngumu. Ukiwasha, weka sikio karibu. Diski nzima inavuma sawasawa. Diski inayopiga tik, tik, tik bila mwisho inakufa. Hapo ACHA KILA KITU. Kama ndani yake kuko vitabu vya points, liste za wanafunzi ao hesabu za ekonoma, hapana kuendelea kuiwasha na kuizima kwa kujaribu bahati. Kila mara moja inaweza kuwa ya mwisho. Ipeleke kwa mutu anayejua, aifunge kwa mashini nyingine, akopie kwanza kilicho cha lazima. Mashini inanunuliwa tena. Points za miaka mitatu hazinunuliwi.

F. WAKATI WA KUACHA

Kutengeneza si sikuzote akili. Jiulize: bei ya kipande inapita nusu ya bei ya mashini nyingine kama hii sokoni? Basi acha, na utoe vipande vyake vizuri vya kuponya ndugu zake. Fikiri vilevile umeme. Prosesere peke yake ya Pentium 4 nyingi ilikula wati zaidi ya 80, wakati Core 2 Duo nyingi, zilizoanza mwaka 2006, zilikuwa za wati 65 na zinafanya kazi zaidi. Kwa shule inayonunua mazuti ya grupu, Pentium 4 ya zawadi inaweza kuwa ya bei kali.

Tukumbuke tena mwisho wa programu. Microsoft iliacha kulinda Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini yenye sisteme hizi ingali nzuri kwa kujifunza kuandika na kuhesabu, lakini kuifunga kwa intaneti ni kuacha mlango wazi. Kuko sisteme nyepesi za Linux, hazilipiwi, zinazofaa kwa nyingi za mashini hizi. Ukitaka kuiweka, uliza kwanza kama prosesere yako ni ya biti 32 ao 64, sababu nyingi za leo zinaomba 64.

Na iliyokufa kweli, hapana kuichoma nyuma ya darasa ili kupata shaba. Ndani kuko risasi, yaani ile madini nzito yenye sumu. Iko katika maunganisho ya mashini za zamani, na katika kioo cha ekrani nene. Moshi na majivu yake yanadhuru watoto na shamba.

G. FISHI YA MASHINI

Kila kalasi inaweza kukopia fishi hii kwa kaye, moja kwa kila mashini:

1. Marki na modeli: ......
2. Numero ya kiwanda: ......
3. Mwaka (na shahidi gani): ......
4. Butoni ya volti: 115 / 230 / hakuna
5. Prosesere: ......
6. Memwari, aina na ngapi: ......
7. Diski: IDE / SATA
8. Kondansateri: nzima / zimevimba
9. Alama za ugonjwa (milio, taa, maneno ya ekrani kama yalivyo): ......
10. Kilichojaribiwa, kimoja kimoja, na siku yake: ......

Wakati mutu anauliza franga kwa kununua kipande, Prefe ao ekonoma anaweza kusema: «Leta kwanza fishi.» Kama numero 9 na 10 hazina kitu, franga zisitoke. Na wakati mashini inabebwa kwa fundi wa mjini, fishi iende pamoja nayo. Fundi akiona mwenye mashini anajua jina lake, memwari yake na ugonjwa wake, hatamwambia kwa wepesi kwamba kila kitu kimeungua.

Mashini ikipona, fishi ibakie ndani ya sanduku lake, imekunjwa ndani ya plastiki, mbali na vantilateri. Wanafunzi watakaofika nyuma yetu wataifungua, na hawataanza tena kwa sifuri.